Г na Ґ: herufi ya udongo na herufi ya njaa

Wenzangu wa lisansi, pamoja na nyinyi wadogo ambao mungali kwenye viti vya auditwari, leo ninawaletea historia ya herufi moja. Moja tu, lakini iko na mambo. Ninajua kuna mutu ataniuliza: wewe mutu wa agronomia, unatafuta nini kwenye maandishi ya Waslavi? Jibu liko ndani ya silabusi yetu ya pedoloji. Wote tuliopita pale tulisomaka chernozem, podzol, solonchak, gley. Tuliyaweka kichwani kwa ajili ya mutihani, tukapata pointi, tukaendelea. Nani aliuliza maneno hayo yalitoka katika kinywa cha nani?

Mimi lilinishika hilo la mwisho, gley. Udongo wenyewe munaujua. Unachimba katika bonde linalokaa na maji, na kisha jembe linakutana na tope la kijivu linaloelekea bluu, lenye madoa ya rangi ya kutu pale ambapo mizizi ya zamani iliacha hewa ipite. Maji yamefukuza hewa, chuma kimegeuka hali, mihogo haitaki kabisa. Jina hilo aliliingiza katika sayansi Georgy Vysotsky, mwaka wa 1905. Hakulitunga mezani. Alilipata kwa wakulima, ambao waliita глей lile tope la kunata kwenye miguu. Vysotsky alizaliwa Ukraina, na miaka yake ya mwisho ya kazi aliifanya katika muji wa Kharkiv, hukohuko Ukraina.

Sasa tazama herufi ya kwanza ya глей. Ni Г. Mrusi akiliona neno hilo anasoma “gley”. Mukulima wa Ukraina akiona maandishi hayohayo, bila kubadilisha hata nukta, anasoma “hley”. Hata jina la Vysotsky linafanya hivyo: Warusi wanamwita Georgy, Waukraini wanamwita Heorhii, na herufi ni zilezile mbili za Г. Nilipoona hivyo nikasema, hapa kuna kitu.

Tuanze na sauti, maana bila sauti historia haitaeleweka. Kiswahili kinatusaidia vizuri kuliko Kifaransa. Kiko na g ya “gari”, ambayo hewa inafungwa halafu inaachiliwa. Kiko na gh ya “ghali” na “lugha”, ambayo hewa haifungwi, inapita ikikwaruza nyuma ya ulimi. Na kiko na h ya “habari”. Watu wa pwani, Zanzibar, Lamu na Mombasa, wanazitenganisha zote tatu bila shida. Kwetu huku mashariki ya Kongo, tuseme ukweli, wengi tunasema “gali” na “luga”, na h ya habari tunaimezaka, inabaki “abari”. Sitawahukumu, nami nasema hivyo nyumbani. Lakini kwa somo hili jaribuni kuzisikia tatu.

Г ya Kirusi cha kawaida ni g ya “gari”. Г ya Kibulgaria, Kiserbia na Kimasedonia pia ni g ya “gari”. Ukivuka kuingia Belarus, Г inakuwa kama gh ya “ghali”. Ukiingia Ukraina, Г ni h, lakini si ile h nyepesi ya pumzi tu. Weka vidole viwili kwenye koo, sema h huku koo likitetemeka, utakuwa karibu. Kwa hiyo herufi moja, yenye umbo la musalaba uliokatwa mukono, inabeba sauti tatu, na mipaka ya sauti hizo haifuati vizuri mipaka ya inchi, juu hata kusini mwa Urusi kuna vijiji na miji ambamo watu wanasema gh. Mikhail Gorbachev alikuwa mutoto wa jimbo la Stavropol, kusini, na hata akiwa mukubwa wa inchi nzima Г yake ilibaki ya kusini. Watu wa Moscow walimuchekelea kwa hiyo. Fikiri: mutu anaongoza dola yenye silaha za nyuklia, na bado wanamusikiliza kama mutoto wa kijijini.

Nichukue neno moja nilipitishe katika lugha hizi, na ninalichagua makusudi. Neno la njaa. Waserbia, Wabulgaria na Wamasedonia wanaandika глад na kusema “glad”. Warusi wanaandika голод, “golod”, na mwisho wake unasikika zaidi kama t. Waukraini wanaandika голод vilevile kabisa, na kusema “holod”. Wabelarusi wanaandika голад, na Г yao ni gh. Wapolandi na Wacheki wanatumia herufi za Kilatini, kwa hiyo kwao tofauti inaonekana kwa macho: Mpolandi anaandika głód, Mcheki anaandika hlad. Ndiyo maana pia muji mukuu wa Ucheki kwa wenyewe ni Praha, na kwa majirani wengi ni Praga. Muzizi wa neno ni mumoja. Zamani, Waslavi wote walisema g. Zaidi ya miaka 700 iliyopita, katika eneo pana kutoka Ucheki hadi Ukraina na Belarus, g ikalegea, ikawa gh, na kwa wengine ikateremka mupaka kuwa h. Hakuna mufalme aliyeamuru. Vinywa vilibadilika tu, namna vinavyobadilikaka.

Herufi yenyewe ilikuwako kabla ya kulegea huko. Ni gamma ya Kigiriki, Γ. Ndugu wawili wamisionari, Cyril na Methodius, walipotumwa Moravia mwaka wa 863, Cyril alikuwa ametengeneza kwa ajili ya Waslavi maandishi yanayoitwa Glagolitiki. Haya tunayoyaita ya Kisiriliki yalitokea baadaye kidogo, Bulgaria, kwenye mwisho wa karne ya 9 na mwanzo wa karne ya 10, yakifuata kwa karibu herufi kubwa za Kigiriki. Yalipewa jina la Cyril kwa heshima, ingawa mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 869. Katika maandishi hayo ya zamani kila herufi ilikuwa na jina ambalo ni neno kamili, na Г iliitwa glagol, maana yake ni mambo ya kusema, ya neno. Herufi inaitwa “sema”, halafu watu wanashindwa kukubaliana namna ya kuisema. Mimi hiyo ilinichekesha.

Hata Warusi hawaisomi namna moja. Katika miisho ya maneno yao ya -ого na -его, Г inasomwa v: сегодня, yaani leo, ni “sevodnya”. Na neno la Mungu, Бог, mwisho wake ni kama kh, “bokh”, wakati kwa kanuni ya kawaida ya Kirusi ungetegemea k. Wataalamu wengi wanaona hapo alama ya makasisi wa Kyiv, ambao elimu yao iliingia sana katika kanisa la Moscow katika karne ya 17 na ya 18, na walisali kwa Г ya kwao. Kitu kingine: Kirusi hakina h yetu. Kikikutana na h ya watu wengine, mara nyingi kinaandika Г na kusoma g. Njo maana Hitler kwa Kirusi ni Gitler, Hamlet ni Gamlet, Havana ni Gavana, na Hong Kong ni Gonkong. Mwalimu wa historia akisema Gitler darasani, hakuna anayecheka.

Sasa tatizo la Waukraini lilikuwa kinyume. Wao h waliipata, lakini maneno ya g hayakuisha. Yaliingia kutoka kwa Wajerumani na Wapolandi, na mengine machache yalikuwa ya kwao wenyewe. Ukitaka kuandika g, na Г imekwisha kuwa h, unafanya nini? Waandishi wa serikali katika ufalme mukubwa wa Lithuania, ambao ulitawala sehemu hizo, walitumia ujanja: waliandika herufi mbili, кг, hasa kwa majina kama lile la mufalme Gediminas. Ujanja huo unatupa ushahidi muzuri, juu kama Г ingalikuwa bado ni g, kwa nini mutu ajisumbue kuweka к mbele?

Halafu, mwaka wa 1619, Meletius Smotrytsky alichapisha sarufi ya Kislavoni cha kanisa, na ndani yake akaweka herufi ya peke yake: Г ambayo mukono wake wa juu umepewa pembe ndogo inayopanda. Ґ. Kitu kidogo sana, kama mutu aliyeinua kidole. Г kwa h, Ґ kwa g. Mambo yakawa wazi.

Ni maneno mangapi yanayohitaji Ґ? Si mengi, na wale wanaopenda kuidharau wanaanzia hapo. Lakini tazameni ni maneno gani. Ґудзик ni kifungo cha shati. Ґанок ni baraza ya mbele ya nyumba. Ґава ni kunguru. Ni maneno ya nyumbani, ya kila siku. Kuna jozi ambazo herufi peke yake njo inazitenganisha: грати ni kucheza, ґрати ni vyuma vya dirisha la gereza. Гніт ni ukandamizaji, ґніт ni utambi wa taa. Na kwa sisi watu wa shamba, kuna neno kubwa kuliko yote: ґрунт. Lilitoka kwa Kijerumani Grund, likapitia Kipolandi, na kwa Kiukraini maana yake ni udongo. Sayansi yetu ya udongo kwa Kiukraini inaitwa ґрунтознавство. Kama ungesoma pedoloji Ukraina, Ґ ingekuwa herufi ya kwanza kwenye jalada la silabusi yako.

Sasa tuingie katika siasa, maana herufi hii haikuachwa ikae kwa amani.

Wakati wa ufalme wa Urusi, Kiukraini chenyewe kilihesabiwa kama Kirusi kilichoharibika. Mwaka wa 1863 waziri Valuev alitoa barua ya kuzuia vitabu vingi vya Kiukraini, hasa vya dini na vya mashule ya watu wa kawaida. Mwaka wa 1876 mufalme Alexander wa pili, akiwa mapumzikoni katika muji wa Ems huko Ujerumani, alitia sahihi amri kali zaidi. Kidogo kilichoruhusiwa kuchapishwa kilipaswa kufuata maandishi ya Kirusi. Katika hali hiyo Ґ ingekaa wapi? Iliendelea kuishi hasa upande wa Galicia, muji wa Lviv na sehemu zake, ambazo zilikuwa chini ya Austria, na baada ya vita ya kwanza ya dunia zikawa chini ya Upolandi.

Kwa hiyo, miaka ya 1920 ilipofika, Waukraini walikuwa wamegawanyika pande mbili za mupaka, na kila upande uliandika kwa namna yake. Hapo anaingia mutu anayestahili kujulikana na wanafunzi wa historia: Mykola Skrypnyk. Alikuwa Mbolsheviki wa zamani, mwenye kufungwa mara nyingi na polisi ya mufalme, na sasa alikuwa mukubwa wa elimu katika Ukraina ya Kisovyeti. Mwaka wa 1927 mukutano uliitishwa Kharkiv, ambayo wakati ule njo ilikuwa muji mukuu. Wasomi wa upande wa Kisovyeti na wa Galicia walikaa pamoja kutafuta kanuni moja ya kuandika. Mwaka wa 1928 Skrypnyk akazitia sahihi. Makubaliano yalikuwa ya katikati: maneno ya zamani yaliyotoka kwa Wagiriki yabaki na Г, na maneno mapya ya Ulaya ya magharibi yenye g yaandikwe kwa Ґ.

Kwa wenzangu wa filozofia nitatoa mufano mumoja. Hegel. Jina hilo liko na h mwanzoni na g katikati. Kwa kanuni za 1928 liliandikwa Геґель, na kila sauti ilipata herufi yake. Ukiondoa Ґ unaandika Гегель, na Muukraini akisoma kwa haki anasema “Hehel”.

Kanuni hizo hazikupendeza kila mutu. Walimu wa mashariki walilalamika kwamba ni ngumu, wale wa Galicia walisema zimewapokonya desturi zao. Mimi ninawaelewa, maana kanuni ya “neno hili ni la Kigiriki, hili ni la magharibi” inamulazimisha mwalimu wa shule ya musingi kuwa mutaalamu wa asili ya maneno. Lakini yalikuwa mabishano ya watu walio hai, ya kurekebishwa polepole.

Hayakupewa wakati.

Mwaka wa 1932 serikali ya Stalin ilikuwa inakusanya ngano kwa nguvu kutoka kwa wakulima waliokwisha kuingizwa katika mashamba ya pamoja. Sheria ya tarehe 7 Agosti 1932 iliruhusu hata kumuua mutu kwa kuiba mali ya shamba la pamoja, na wakulima waliiita sheria ya masuke matano, juu hata masuke machache yaliyookotwa yalitosha kukupeleka kambini. Vijiji vilivyoshindwa kutoa kiasi kilichotakiwa viliandikwa kwenye orodha nyeusi, vikanyimwa bidhaa. Tarehe 22 Januari 1933 Stalin na Molotov wakaagiza wakulima wanaokimbia njaa wazuiwe kutoka Ukraina na Kuban. Waliokufa katika Ukraina, wataalamu wengi wanaohesabu watu wanakadiria karibu milioni 4. Na hii ilikuwa juu ya chernozem, wenzangu. Udongo ule ambao Vasily Dokuchaev aliuandikia kitabu kizima mwaka wa 1883, udongo mweusi ambao profesa anautaja huku macho yanangʼaa. Sisi tunafundishwa kutafuta sababu ya njaa katika pH, katika mbegu, katika mvua. Kuna njaa ambayo hautaipata kwenye laboratwari hata upime mwaka mzima.

Munaweza kuniuliza herufi inaingia wapi hapo. Inaingia katika karatasi moja. Tarehe 14 Desemba 1932 chama na serikali ya Moscow walitoa uamuzi juu ya kukusanya nafaka. Ndani ya karatasi hiyohiyo ya nafaka waliweka mambo ya lugha: walisema kazi ya kueneza Kiukraini ilifanywa vibaya na ikawapa maadui nafasi, na wakaamuru kwamba huko Kuban, ambako Waukraini walikuwa wengi, magazeti na mashule yageuzwe kutoka Kiukraini kwenda Kirusi. Nafaka na lugha, kalamu moja, sahihi moja. Mutu akikuambia kwamba yalikuwa mambo mawili yasiyojuana, mupe tarehe hiyo.

Mwanzoni mwa 1933 Skrypnyk aliondolewa kwenye elimu. Halafu yakaanza mashitaka katika mikutano na katika magazeti. Kanuni zake za kuandika, na hasa hiyo Ґ, zilisemwa kuwa njia ya kukivuta Kiukraini mbali na Kirusi na kukisogeza kwa Wapolandi na mabepari wa magharibi. Pembe moja ndogo juu ya herufi ikawa kosa la kisiasa. Tarehe 7 Julai 1933 Skrypnyk alijipiga risasi. Kabla ya mwaka kwisha kanuni mupya zilikuwa zimetoka, na katika alfabeti yake Ґ haikuwemo tena. Kamusi za sayansi zilipitiwa upya, maneno mengi yakabadilishwa yafanane na ya Kirusi, ya botania yakiwemo.

Kwa hiyo mwaka uleule ambao watu wa udongo bora wa Ulaya walikufa kwa голод, neno lao la udongo lilipokonywa herufi yake ya kwanza. Kutoka hapo waliandika грунт. Vyuma vya gereza viliandikwa sawa na neno la kucheza.

Nisiseme zaidi ya ninavyojua. Herufi haikuua mutu, na kifo cha mutoto mumoja wa kijijini ni kizito kuliko alfabeti nzima. Pia sauti ya g haikufutika vinywani, maana mama anayemwonyesha mutoto kunguru hangoji ruhusa ya wizara, na vijijini watu waliendelea kusema “gava” na “gudzyk”. Tena si Ukraina peke yake, kwa sababu mwaka huohuo wa 1933, mwezi wa Agosti, Kibelarusi nacho kilipewa kanuni mupya za kukisogeza karibu na Kirusi. Lakini ninapomusikia mutu anasema “herufi ni herufi tu, ni mambo ya wasomi”, ninataka kumwuliza: kama ni kitu kidogo hivyo, kwa nini dola kubwa, katikati ya njaa, ilipata nafasi ya kuishughulikia?

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani haraka. Mutoto wa mujini aliyejifunza maneno kutoka kitabuni, si kutoka kwa bibi yake, aliona грунт akasoma “hrunt”, na hakuwa na kosa, alisoma kilichoandikwa. Wengine walisema “grunt” kwa kuwa walijua Kirusi, ambacho neno hilo kinalo pia kwa g. Sasa fikirini: baada ya miaka, mwenye kusema vizuri kwa lugha yake anaonekana kama mutu anayeiga Kirusi, na mwenye kukosea anaonekana kama mwenye kulinda lugha.

Ґ ilikimbilia wapi? Galicia iliitumia hadi Wasovyeti walipoingia mwaka wa 1939. Baada ya hapo ilibaki kwa Waukraini waliokimbia, Kanada, Marekani na Ulaya ya magharibi, ambao waliendelea kufuata kanuni za 1928 katika magazeti na vitabu vyao. Nyumbani, miaka 57 ilipita. Kuna ushahidi mumoja ambao wanafunzi wa enformatiki wataupenda: mwaka wa 1988 ilitoka orodha ya kimataifa ya herufi za Kisiriliki kwa ajili ya kompyuta, ISO 8859-5. Ґ haimo. Watengenezaji wa orodha walitazama alfabeti rasmi za wakati ule, hawakuiona, wakaiacha. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1990, kanuni mupya za Kiukraini zilitoka na Ґ imerudi mahali pake, nyuma ya Г. Herufi ilitoka kifungoni, ikakuta kompyuta haimujui. Orodha zingine zilizokuja baadaye ziliiweka, na leo kwenye klavye nyingi za Kiukraini unaipata kwa kushikilia kitufe cha pembeni pamoja na Г.

Lakini kurudi kwake ni nusu. Kanuni za 1990, na zile za 2019 pia, hazikurudisha utaratibu wote wa 1928. Maneno mengi ya kigeni yenye g yamebaki na Г, na kwa majina ya watu tu njo kanuni za 2019 zinaruhusu namna zote mbili, ili Hegel aweze kuandikwa Гегель au Геґель. Maneno ya nyumbani, kifungo, baraza, kunguru na udongo, yalirudishiwa Ґ yao. Mimi kama mutu wa udongo, hiyo peke yake inanitosha, ingawa najua wenzangu wa filozofia watataka zaidi.

Na sisi? Tafuteni ramani ya Afrika iliyochapishwa Ukraina. Jina la inchi yetu ni Конго, kwa Г, na kwa kanuni zao linasomwa “Konho”. Kwa kanuni za Skrypnyk lingeandikwa Конґо na kusomwa namna tunavyolisema. Na kazi yangu, агроном, kule wanasema “ahronom”. Hilo halihitaji Ґ hata kwa kanuni za 1928, juu muzizi wake ni wa Kigiriki. Ahronom wa Konho, njo mimi.

Wakubwa zetu waliosoma katika Umoja wa Kisovyeti kuanzia miaka ya 1960, hata wale waliopelekwa Kyiv, Kharkiv au Odesa, kwa kawaida walifundishwa kwa Kirusi. Kama uko na mujomba mumoja wao, mwombe asome голод, utasikia g. Wadogo zetu na Waafrika wengine waliokuwa wakisoma Ukraina mwezi wa Februari 2022, wakabeba mifuko kwenda kwenye mipaka ya Upolandi na Hungaria, walikuwa wamezoea kusikia zote mbili katika barabara moja. Tangu hapo hata redio imeanza kugawanyika. Sikilizeni habari kwa Kifaransa: mutangazaji mumoja anasema Lougansk, mwingine anasema Louhansk. Wengine wanaandika Chernigov, wengine Chernihiv. Si makosa ya kuandika. Yule wa g amepokea jina kupitia Kirusi, yule wa h amelipokea kutoka kwa wenye muji, na serikali ya Ukraina tangu tarehe 27 Januari 2010 iko na jedwali rasmi la kugeuza majina kwa herufi za Kilatini, ambamo Г ni h na Ґ ni g. Kwa jedwali hilo, mutoto anayeitwa kwa jina la Vysotsky wetu wa gley, akienda kuchukua paspoti Kharkiv leo, ataandikiwa Heorhii.